Usisugue Sufuria Mpaka Ndani Ing'ae

ELIMU YA JAMAA

Mwezi huu tunaingia jikoni. Hatutafundisha mapishi. Mama zetu wanayajua kuliko sisi. Tutazungumza juu ya kitu kinachotokea ndani ya sufuria kila siku na ambacho hakuna jicho linaloweza kukiona.

Kwetu msichana hupimwa kwa sufuria zake. Akizisugua kwa mchanga na majivu mpaka ziwe kama kioo, wazee wanasema: "Huyu mama yake alimlea vizuri." Mkwe akija, jambo la kwanza ni macho kwenda kwenye kichanja cha vyombo. Ni desturi nzuri, hatuikatazi. Sugua nje ya sufuria uwezavyo, moshi utoke. Lakini ndani ya sufuria ya aluminiamu, ngoja kidogo. Ule weusi unaokuja ndani baada ya kuchemsha maji mara nyingi si uchafu kama unavyofikiri, na ile mingʼao unayoona baada ya kupika tomati si usafi. Sababu ni hii tutakayoeleza.

Chuma hakitembei uchi

Kila kitu cha chuma kina ngozi. Sufuria ya aluminiamu, mara tu inapokwanguliwa, hewa inaishika na kuifunika tena. Ngozi ile ni nyembamba ajabu. Chukua unywele mmoja wa kichwa, ugawanye unene wake mara 10,000: ngozi ya aluminiamu ni nyembamba hata kuliko kipande kimojawapo. Lakini ni ngumu, haipitishi maji, na ndiyo inayoifanya sufuria idumu miaka. Ukichemsha maji ndani yake, ngozi inaongezeka unene na kubadilika rangi. Ule ndio weusi unaopigana nao kila asubuhi.

Jembe na panga ni jambo lingine. Ngozi ya chuma cha jembe ni kutu, na kutu ni ngozi mbaya. Inapasuka, inaanguka, inaacha maji yaingie ndani zaidi, mpaka jembe linakwisha. Dhahabu yenyewe haishikwi na hewa, ndiyo sababu inakaa ndani ya mto miaka elfu na bado inang'aa.

Juu ya ngozi hiyo ndipo vitu vyote vinapokutana na chuma: mafuta, maziwa, sombe, sabuni, jasho la mkono. Vitu hivi vyote vimetoka kwa wanyama au mimea, na ndani yao kuna kaboni, ile ile iliyo ndani ya makala. Kipande kidogo kabisa cha kitu cha namna hii kinaitwa molekuli. Molekuli ikifika juu ya chuma inaweza kufanya moja ya mambo matatu: kuketi na kulinda, au kula ngozi, au kubadilishwa yenyewe iwe kitu kingine. Tuyaangalie moja moja.

Tone moja la mafuta

Kwanza tujue namna molekuli zinavyoketi. Chukua beseni ya maji safi, nyunyiza unga kidogo juu. Chovya ncha ya njiti ndani ya mafuta, kiisha gusa katikati ya maji. Unga unakimbia kwenda pembeni! Ni mafuta yanayojitandaza, yakitafuta nafasi.

Mmarekani Benjamin Franklin alifanya jambo hili kwenye bwawa moja la Clapham, karibu na London, akaliandika mwaka 1774. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kilituliza maji ya nusu eka, yaani zaidi ya robo ya uwanja wa mpira. Fikiri basi, mafuta yale yalikuwa na unene gani? Yalifikia unene wa molekuli moja tu au karibu na hapo.

Aliyeyapima mambo haya vizuri alikuwa dada mmoja wa Ujerumani, jina lake Agnes Pockels, aliyezaliwa mwaka 1862. Wakati ule wasichana wa kwao hawakuruhusiwa kuingia chuo kikuu. Yeye alibaki nyumbani akitunza wazazi na kuosha vyombo. Akiwa anaosha, alitazama namna maji yenye mafuta yanavyobadilika. Akatengeneza chombo kirefu cha bati, akaweka maji, akasukuma mafuta yaliyo juu kwa kipande cha bati, akapima. Mwaka 1891 alimwandikia mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh, naye akaipeleka barua ile kwenye gazeti la wanasayansi liitwalo Nature, ikachapwa. Miaka mingi baadaye, mwaka 1917, Mmarekani Irving Langmuir aliendeleza njia ile ile, akaonyesha kwamba molekuli za mafuta zinasimama wima, moja kando ya nyingine, katika safu moja. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1932. Dada zetu munaoosha vyombo kando ya ziwa, mulisikie hili: sehemu kubwa ya elimu hii ilianzia kwenye maji ya kuoshea vyombo.

Molekuli ya asidi ya mafuta ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji, kinapenda vile vile chuma. Mkia ni mrefu, haupendi maji kabisa. Katika mawese asidi iliyo nyingi zaidi ina mnyororo wa kaboni 16, na jina lake, asidi palmitiki, limetokana na mti wenyewe wa mchikichi. Ukipaka mafuta juu ya chuma, vichwa vinashika ngozi ya chuma, mikia inatazama nje, zimebanana kama watu siku ya soko la Sake. Maji yakija yanakuta mikia tu, hayapati pa kupita.

Mafuta yanapolinda

Sasa unafahamu kwa nini mkulima mwenye akili anafuta jembe lake kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kulitundika, na kwa nini cherehani bila mafuta inalia. Safu ya molekuli ndiyo inayozuia chuma kisisuguane na chuma. Na ukiosha panga kwa sabuni ukaliacha lenye maji, linapata kutu haraka, maana sabuni imeondoa ile nguo nyembamba.

Chungu cha chuma kizito (si aluminiamu) kinafundisha jambo lingine. Kipake mafuta kidogo, kitie juu ya moto mkali mpaka mafuta yatoe moshi na kukauka, kiisha rudia mara tatu au nne. Joto, hewa na chuma chenyewe vinafanya molekuli za mafuta zishikane mikono, zijenge ngozi nyeusi ngumu. Chakula hakigandi tena, kutu haiji. Hiyo nayo usiikwangue. Ni mali.

Kuna historia ambayo watu wa Walikale wangepaswa kuijua. Walikale inatoa mawese, inatoa pia kasiteriti, jiwe la etani. Katika karne ya 19, kule Wales ya kusini, Uingereza, viwanda vilifunika mabamba ya chuma kwa etani ili kutengeneza mikebe ya chakula. Bamba lilisafishwa kwa asidi kali, kiisha likatumbukizwa ndani ya mawese ya moto kutoka Afrika, ndipo likaingia katika etani iliyoyeyuka. Kwa nini mawese? Kwa sababu molekuli zake zililinda chuma kilichosafishwa hewa isikishike, na etani ikapata kushika vizuri. Bila mafuta ya mchikichi, etani iliteleza kama maji juu ya jani la kolokasi. Basi mali hizi mbili za msitu wetu zilikwisha kukutana Ulaya kabla babu zetu hawajaona mkebe wa sardini.

Fundi wa redio anafanya vivyo hivyo mpaka leo. Mtazame: anachovya chuma chake cha moto ndani ya kitu cha rangi ya asali iliyokauka, moshi unapanda, ndipo anagusisha waya wa etani. Ile ni ulimbo wa msonobari. Ikiwa baridi hailigusi chuma. Ikipata joto, asidi iliyo ndani yake inakula ngozi chafu ya shaba, shaba inabaki safi kwa nukta chache, etani inaingia. Kijana unayejifunza kazi ile, ujue mambo mawili. Moshi wa ulimbo unaharibu pumzi na unaweza kuleta asma, basi fungua dirisha. Na waya za zamani zilikuwa etani iliyochanganywa na risasi. Ulaya ilikataza risasi ndani ya vifaa vya umeme tangu mwaka 2006, lakini redio za zamani bado ziko mikononi mwetu. Nawa mikono kabla ya kula.

Asidi inapokula ngozi

Turudi jikoni. Si kila molekuli inaketi kwa amani. Tomati na ndimu zina asidi. Maziwa yanapoganda kuwa kivuguto, yanapata asidi. Lengalenga zina asidi yake. Kasiksi ikikaa siku nyingi inakuwa kali. Asidi hizi zinafika juu ya sufuria ya aluminiamu, zinashika atomu za ile ngozi, zinaziondoa moja moja na kuziingiza ndani ya mchuzi. Chumvi inasaidia kazi hiyo iende mbio. Ndiyo sababu sufuria iliyopikiwa tomati inatoka imeng'aa: ngozi yake imeliwa, nawe umeinywa.

Mama mmoja atasema: "Mimi napikaka tomati mu hii sufuria tangu niliolewa, na hakuna kitu ilinifikia." Ni kweli, mama. Aluminiamu kidogo inayoingia tumboni kwa mtu mwenye afya, karibu yote inatoka. Kupika mchuzi wa tomati kwa nusu saa si jambo la kuogopesha. Shida ni kulaza. Mchuzi unaolala humo mpaka kesho, kivuguto kinachogandia humo siku mbili, ndimu iliyokamuliwa na kuachwa. Hapo asidi inapata muda. Na mgonjwa wa figo hawezi kuitoa aluminiamu, inabaki mwilini.

Tena kuna sufuria na sufuria. Zile nzito zinazoyeyushwa na mafundi wetu kutokana na vyuma vya zamani, kama vipande vya injini na vifaa vilivyovunjika, zinaweza kuwa na risasi ndani yao. Wachunguzi walipima sufuria za namna hii za Kameruni, wakatoa habari yake mwaka 2014. Mwaka 2017 walitoa habari ya vyombo 42 kutoka nchi 10, za Afrika, Asia na Amerika. Walichemsha asidi kama ya siki ndani yake, ili iwe kama chakula. Karibu theluthi moja ya vyombo vile vilitoa risasi ya kutosha kuleta hatari. Risasi inadhuru akili ya mtoto, hata ikiwa kidogo, na haina dalili za haraka. Mtoto hatalia kwamba kichwa kinauma kwa sababu ya risasi. Atashindwa shuleni, nasi tutasema ni mvivu.

Hatusemi mafundi wafunge kazi. Tunasema wachague vyuma vyao, wasitie betri wala mabomba yenye risasi ndani ya tanuru. Nawe mnunuzi, sufuria ya namna ile ipikie fufu na maji. Tomati na ndimu uzipeleke kwingine.

Sasa sikia upande mwingine. Mwaka 1999 gazeti la waganga, Lancet, lilieleza habari za watoto wa Ethiopia. Jamaa fulani walipewa vyungu vya chuma, wengine wakabaki na vya aluminiamu. Watoto waliokula kutoka vyungu vya chuma walipata damu nyingi zaidi. Ni asidi ile ile ya chakula iliyokula chuma kidogo na kuwapa watoto, na damu inahitaji chuma. Kwa hiyo jambo si asidi kuwa mbaya. Jambo ni kujua inakula nini.

Hata chuma kizuri kina kipimo chake. Afrika ya Kusini, tangu mwaka 1929 waganga waliandika juu ya watu ambao ini lao lilijaa chuma. Baadaye ilionekana kwamba pombe yao ya kienyeji ilikuwa inachacha ndani ya mapipa na vyungu vya chuma, nao walikuwa wakinywa nyingi kwa miaka. Na pipa au ndoo yenye zinki, ile yenye maua maua ya kung'aa kama bati jipya la nyumba, ni mbaya zaidi kwa vinywaji vikali. Asidi ya kasiksi au ya juisi ya maracuja inaiyeyusha zinki upesi. Watu wanakunywa, na baada ya muda mfupi wote wanatapika. Tunaanza kutafuta nani alitia sumu! Huenda hakuna mtu aliyetia. Wazee wetu waliotengeneza pombe ndani ya mtumbwi wa mti walikuwa na akili: mti hauna cha kuliwa na asidi.

Chuma kama mshenga

Jambo la tatu ndilo la kushangaza zaidi. Mara nyingine molekuli inafika juu ya chuma, inabadilika kuwa nyingine, inaondoka, na chuma kinabaki vilevile. Ni kama mshenga. Anakutanisha jamaa mbili, ndoa inafungwa, yeye anarudi kwake akiwa yule yule, kesho anaitwa kwingine.

Mfaransa Paul Sabatier, akifanya kazi pamoja na padri Jean-Baptiste Senderens mjini Toulouse, aligundua jambo hili juu ya nikeli mwaka 1897. Gesi ya hidrojeni ikifika juu ya nikeli, molekuli yake inapasuka vipande viwili. Molekuli nyingine yenye kaboni inalala kando, inavipokea vipande vile, inainuka imekuwa kitu kipya. Sabatier alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1912. Kabla ya hapo, mwaka 1902, Mjerumani Wilhelm Normann alikwisha kuitumia njia hiyo kugandisha mafuta ya maji. Hivyo margarini nyingi za karne ya 20 zilitengenezwa kwa nikeli. Lakini kazi ikifanywa nusu, mafuta mengine yanapindishwa vibaya na kudhuru moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (OMS) liliomba nchi zote ziyaondoe mafuta hayo yaliyopindishwa kabla ya mwisho wa 2023. Ukinunua mkebe wa margarini, soma maandiko yake: ukikuta mafuta "partiellement hydrogéné", liache dukani.

Mshenga huyu anaweza pia kuwa mbaya. Mawese yanayotoka Walikale yakisafirishwa siku nyingi ndani ya pipa lenye kutu, chuma kinakutanisha mafuta na hewa. Mafuta yanachacha mbele ya siku zake. Shaba inafanya vibaya zaidi ya chuma. Mama mchuuzi analaumu mtu aliyemuuzia, kumbe ni pipa. Tumia bido safi ya plastiki, lakini isiwe ile iliyobeba petroli au dawa za machimbo. Ijaze mpaka juu ili hewa isikae, ifunge, iweke kivulini.

Kwa vijana wa machimbo

Vijana, mawe munayobeba mgongoni yanakwenda kufanya kazi hii hii. Kasiteriti ya Bisie, ambayo watu walianza kuichimba kwa mikono mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kampuni ya Alphamin ikaanza kuitoa kwa mashine mwaka 2019, inayeyushwa kuwa etani. Etani nyingi inakwenda kuunganisha nyaya ndani ya simu na redio, ikisaidiwa na ulimbo au asidi zinazofanana nao. Koltani ya Rubaya inatoa tantali. Unga wa tantali unabanwa, unavishwa ngozi yake nyembamba, kiisha katika vifaa vingi vya leo unafunikwa kwa molekuli ndefu za kaboni zinazopitisha umeme. Watu watatu waliogundua plastiki za namna hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kile kidude ni kidogo kama punje ya mchele, kinahifadhi umeme ndani ya simu.

Na dhahabu? Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Ralph Nuzzo na David Allara, walionyesha kwamba molekuli zenye salfa zikiguswa na dhahabu zinajipanga zenyewe juu yake, zimesimama kwa utaratibu, hakuna anayezipanga. Molekuli nyingine za mwili wa kiumbe nazo zinashika dhahabu. Ukienda kituo cha afya kupima malaria, muganga anatia tone la damu kwenye kipande kidogo cha plastiki, na mstari mwekundu unatokea. Katika vipimo vingi vya namna hii, wekundu ule ni punje ndogo mno za dhahabu zilizovishwa molekuli zinazomtambua mdudu wa malaria. Dhahabu ya mkono wako inaweza kurudi kupima mtoto wako.

Lakini zebaki (merkiri) usiilete nyumbani. Wengine wanachoma dhahabu yenye zebaki ndani ya sufuria ya jikoni. Zebaki ikigusa aluminiamu inaizuia kujenga ngozi yake tena, na sufuria inaliwa mpaka inatoboka. Huo ni uharibifu mdogo. Ule mkubwa ni moshi wake usioonekana, unaoingia katika ubongo wa mtoto na wa yule aliye bado tumboni. Na ile inayomwagwa majini, wadudu wadogo wa tope wanaiunganisha na kaboni, inakuwa sumu kali zaidi, inaingia samaki, inarudi mezani. Wajapani wa Minamata walilia juu ya jambo la namna hii tangu mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini. Mkataba wa dunia juu ya zebaki, unaobeba jina la mji wao, ulianza kutumika mwaka 2017.

Mashauri ya nyumbani

1. Sufuria ya aluminiamu: sugua nje. Ndani osha kwa sabuni na kitambaa, bila mchanga wala waya. Acha weusi wake.

2. Sufuria mpya: chemsha maji matupu ndani yake mara mbili au tatu, umwage, kabla ya kupikia. Ngozi itanenepa.

3. Usilaze ndani ya aluminiamu tomati, ndimu, kivuguto wala mboga zenye chumvi. Hamishia ndani ya chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kibuyu, chombo cha kioo au sahani ya emaye isiyopasuka.

4. Mkebe wa tomati au sardini ukishafunguliwa, mwaga chakula chote ndani ya chombo kingine. Hewa ikiingia, etani inaanza kuliwa.

5. Ukipata chungu cha chuma kizito, kipikie sombe na maharagi ya watoto na ya mama mwenye mimba.

6. Pipa la zinki ni la maji ya kufulia. Si la kasiksi, si la juisi, si la maziwa.

7. Chombo kilichofanya kazi machimboni hakirudi jikoni, hata kikioshwa mara kumi.

Tunajua kwamba wengi kati yenu mumekimbia vita zaidi ya mara moja, na sufuria moja juu ya kichwa ndiyo mali yote iliyobaki. Kwenu ninyi hatusemi: nunueni vyungu vitatu. Tunasema neno moja tu: pika humo, kuleni, lakini chakula kikali kisilale humo. Hilo halidai hata franka moja.

Maswali kwa kikundi cha vijana

– Chukueni misumari miwili mipya. Mmoja uosheni kwa sabuni na kuukausha. Wa pili uosheni vile vile, kiisha uupakeni mafuta. Itieni yote miwili ndani ya vikombe viwili vya maji ya chumvi kwa siku saba. Elezeni munachoona, mkitumia maneno "kichwa" na "mkia".

– Kwa nini sufuria iliyopikiwa tomati inang'aa, na iliyochemshia maji inakuwa nyeusi? Ipi kati ya hizo mbili imepoteza kitu?

– Agnes Pockels hakuingia chuo kikuu. Ni kazi gani za nyumbani hapa kwetu ambazo mtu angeweza kuzitazama na kuzipima kama alivyofanya yeye?

– Je, katika kijiji chenu pombe, maziwa na mawese vinawekwa ndani ya vyombo gani? Fanyeni orodha, mkaizungumze na mama zenu kwa heshima. Msiwaambie kwamba walikosea. Waambieni kwamba sufuria ina ngozi.